Simu ya Mpiga Chelo

Mwanangu aliponiambia ataongoza okestra, jirani zangu wa Muyeye walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kondakta? Wa gari gani, mama?" Nikawajibu vibaya, maana mdomo wangu haujui kunyamaza. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliyejifunza muziki kwenye kinanda cha kanisa, amekusanya vijana thelathini wa mashuleni, wa makanisani na wa vikundi vya taarab, akawafundisha kila Jumamosi kwa miaka miwili, nanyi mnaniletea habari za magari! Nilijivunia mwanangu, na kujivuna huko ndiko kulikoniponza.

Wimbo mkubwa wa tamasha ulikuwa wa chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, ameiegemeza kifuani. Mpigaji alikuwa kijana wa Kiislamu wa ng'ambo ya mto Sabaki, amekaribia miaka thelathini, mtoto pekee wa kiume kwao. Babake alipiga fidla maharusini enzi za ujana wake, na ndiye aliyemtia mwanawe ala mkononi. Sasa mzee alikuwa mgonjwa, ametoka hospitali wiki ile ile. Asubuhi ya tamasha kijana alikuja kunisalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yuaendeleaje?"

"Leo kanywa uji. Kaniambia niende, nisiwaangushe wenzangu."

Kazi yangu siku ile ilikuwa kushika simu. Mwanangu hakutaka simu ilie ukumbini, kwa hiyo kila mpiga ala aliiweka yake kikapuni mwangu, nami nikakaa kando ya jukwaa, nyuma ya pazia. Tulikuwa tuanze saa nane. Saa nane kasorobo simu ya mpiga chelo ikatetemeka. Alikuwa dadake, nikapokea, nikajitambulisha.

"Mama, shikamoo. Baba ametutoka. Mwambie kaka aje, tunazika baada ya swala ya alasiri. Yeye ndiye wa kuingia kaburini kumpokea."

"Poleni sana, mwanangu. Namwambia sasa hivi."

Sikumwambia. Kwetu sisi Wagiriama Wakristo maiti husubiri watu, hata wiki mbili, mpaka aliye mbali zaidi afike. Lakini sitajifanya nilichanganya mambo. Nimeishi na Waislamu maisha yangu yote, nimekaa matanga yao, najua kwao maiti halazwi. Nilipiga hesabu zangu. Tukianza saa nane, chelo itakwisha saa tisa kasorobo. Kutoka ukumbini hadi kwao, kuvuka daraja, ni dakika ishirini kwa bodaboda. Atawahi na nafasi ibaki. Nikimwambia sasa ataondoka, na mwanangu atasimama mbele ya ukumbi uliojaa hana cha kupiga. Nilimchungulia mwanangu akivutavuta mikono ya koti la kuazima, jasho linamtoka. Nikaifunika simu kwa leso.

Jamani, nikamsahau mgeni rasmi! Mtu mzima kama mimi, niliyekaa kwenye mikutano ya shule na ya kanisa mpaka kiuno kikauma, nikasahau kwamba hakuna shughuli inayoanza kabla mgeni rasmi hajafika. Saa nane ikapita. Saa nane u nusu ikapita. Saa tisa kasorobo ndipo akaingia na watu wake, tukasimama, tukaketi. Mwenyekiti akamkaribisha wa kumkaribisha mgeni, naye akamkaribisha mgeni, na mgeni akahutubu kuhusu vipaji vya vijana. Simu ikatetemeka tena mapajani mwangu.

"Mama, kaka ametoka?"

"Yuaja," nikasema. "Yuaja, mwanangu."

Mungu anisamehe, sauti yangu wala haikukwama.

Walianza na wimbo mfupi wa okestra yote, kisha mpiga chelo akaletwa mbele. Mimi si mjuzi wa muziki ule. Najua tu kwamba alipovuta upinde mara ya kwanza, hata kina mama waliokuwa wakipepea watoto waliacha kupepea. Mwanangu alimfuata taratibu, mkono wa kulia unahesabu, wa kushoto unawatuliza wapigaji wengine. Sehemu ya kwanza ikaisha. Mwanangu akainua mikono aanze ya pili, na hapo adhana ya alasiri ikaingia madirishani.

Huku kwetu adhana ikilia redio huzimwa na ngoma hunyamaza, ya Mkristo na ya Mwislamu. Mwanangu amekulia hapa, hakuhitaji kuambiwa. Aliishusha mikono, na ukumbi mzima ukatulia, hata mgeni rasmi. Mpiga chelo akalaza upinde magotini, akainamisha kichwa, midomo yake inamwitikia muadhini. Adhana ilipokwisha alifungua viganja, akaomba dua, akapangusa uso.

Alikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Nilijua kwamba wakitoka kwenye swala hiyo watambeba babake. Dakika ishirini, angewahi! Nilisimama, pazia mkononi, jina lake limefika kooni. Mwanangu akaniona. Akanitabasamia, akidhani mamake amesimama kwa furaha.

Nikakaa.

Sehemu ya pili ilikuwa ya polepole, na watu walilia. Mimi pia nililia, lakini mimi nilikuwa na sababu yangu, na nilijichukia hapo hapo kwenye kiti.

Sehemu ya tatu ilipokwisha, makofi yakiendelea, nilimvuta nyuma ya pazia, nikampa simu, nikamwambia babake hayupo tena na wanazika. Alikimbia na nguo zake nyeusi za tamasha, chelo akaiacha imelala sakafuni. Alipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Walikuwa wamemngoja kidogo, dadake akisema yuaja, yuaja, kaka yuaja, mpaka wazee wakasema maiti hacheleweshwi. Binamu yake ndiye aliyeingia kaburini.

Mwanangu aliposikia, alilivua lile koti akalikunja. "Mama, ungeniambia ningelivunja tamasha," akasema, basi. Ningependa angenigombeza.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye hitima, nimejitanda leso mpaka usoni. Mjane yuko ndani, amekaa eda. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kuja. Nilikaa na wanawake, chakula kikaletwa. Nilipoaga, mpiga chelo alinisindikiza hadi barabarani kama mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akasimama.

"Mama, dada anasema alikupigia kabla ya saa nane."

"Ndiyo, baba."

"Basi wakati wa adhana ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa najua."

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye alitazama viganja vyake tu, akavifunga.

"Tumefundishwa kwamba dua ya wakati ule haikataliwi," akasema. "Mimi pale nilikuwa namwombea baba apone."