Tumefika Monastir bila kutoka Jeddah

Leo ndege imeondoka na kiti changu kitupu, kwa hiari yangu.

Nilitoka Riyadh asubuhi kumfuata rafiki yangu Mwanaidi, yaya wa mtaa wa Aziziya, Jeddah, aliye likizoni. Tulikuwa tunakwenda Tunisia, Susa na Monastir, miji miwili jirani ya pwani. Ngome za kale, fukwe, na treni ndogo inayopita kando ya bahari.

Afisa wa uwanja wa ndege akaitazama ikama ya Mwanaidi, kibali chake cha ukaazi.

"Ruhusa ya kutoka nchini iko wapi?"

"Si ilifutwa?" Mwanaidi akanigeukia. "We si ndiye mwandishi wa habari?"

Haikufutwa. Sheria mpya inaniruhusu mimi wa ofisini kujiombea mwenyewe kwa simu. Yaya bado anaombewa na kafili, mwajiri anayemdhamini.

Mwanaidi akampigia simu madam wake.

"Bukra, inshallah."

Kesho! Na abiria walikuwa wanaitwa.

"Nenda, dada. Utakuja kunisimulia."

Sikwenda.

Sasa tumekaa Kornishi, ufukweni mwa Jeddah, masanduku miguuni, tukitazama bahari ya hapa hapa. Mwanaidi amefumba macho.

"Treni imeshafika Monastir," anasema. "Shuka basi, ngome ile pale."

Nimeshuka naye.

Ungekuwa wewe, ungeipanda ile ndege?