Duara la Buluu Chini ya Chokaa

Chokaa mbichi hunukia kama mvua iliyonyesha juu ya mawe, na kila Ramadhani ilipokaribia kwisha, nyumba yetu kwenye mteremko wa kilima cha Kibuli ilijaa harufu hiyo. Bibi yangu, ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki, hakukubali Idi itukute na ukuta mchafu. Aliloweka chokaa kwenye pipa, akatia chumvi ili isichubuke upesi, na sisi wajukuu tukapaka kwa mafagio mafupi mpaka nyusi zetu zikawa nyeupe. Mwaka ule nilikuwa na miaka minane. Nilifunga nusu siku, na kwa njaa na mwanga wa saa tano niliuona ukuta ukielea kama shuka iliyoanikwa.

Mwaka huohuo serikali ilikuwa inatuletea maji. Hadi wakati huo tulichota kwenye chemchemi bondeni. Magoti ya Bibi yalikuwa yamemkatalia kushuka, kwa hiyo tulimbebea maji ya udhu, naye aliyatumia kidogo kidogo, kwa haya, kana kwamba ameazima. Mwenyekiti wa mtaa alipouliza nani atatoa mahali pa bomba la watu wote, Bibi alitoa ukanda wa ardhi kando ya ukuta wetu. Alisema ni wakfu, hataki malipo. Mafundi wakaja, wakachora duara la buluu ukutani kuonyesha bomba litakaposimama, wakaenda zao.

Duara hilo nililipaka chokaa mimi. Niliona rangi, nikadhani ni uchafu. Au niliona alama, nikajua ni alama, nikapaka tu kwa kuwa fagio lilikuwa limeshafika pale. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado sijui.

Siku chache baada ya Idi wachimbaji wa mtaro walifika kwetu. Wakati huo barabara ya chini ilikuwa inapanuliwa, na wenye nyumba waliokataa kubomolewa walikuwa wakizifuta alama nyekundu zilizochorwa kwenye kuta zao. Kila mtu mtaani alijua maana ya kufuta alama. Msimamizi wa wachimbaji akasimama mbele ya ukuta wetu unaong'aa, karatasi mkononi, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

“Hajati, kama wewe nataka maji, kwa nini nafuta alama?”

“Nani amefuta? Hii ni chokaa ya Idi, mwanangu.”

“Hata wale ya huko chini nasema chokaa.”

Majirani walikuwa wamejaa, madumu mikononi. Mama Furaha, Mkongo aliyepanga nyumba ya pili na watoto wake watano, alishika kiuno. “Bibi, si ulituahidi? Sasa unatuchezea?” Mtu nyuma akacheka, “Wenyeji wa zamani hao! Ardhi yao, maji yao.” Msimamizi akakunja karatasi, akasema bomba litapelekwa upande wa pili wa kilima. Bibi alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia amerudi nyuma kwenye neno lake.

“Ni mimi nilipaka,” nikasema.

“Ilikuwa wapi?” msimamizi akauliza.

Ukuta wote ulikuwa mweupe, hauna mwanzo wala mwisho, na kidole changu kilikwenda chenyewe. Msimamizi akachora duara jipya pale kilipogusa. Bibi akashusha pumzi. “Haya, Mama Furaha, ukimaliza kunitukana, toa madumu yako njiani watu wachimbe.”

Maji yalipofunguliwa, Bibi alitawadha bombani mchana kweupe, akayaacha yamwagike juu ya mikono yake kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali, hadi Mama Furaha akapiga kelele, “Bibi, unatawadha ama unaoga?”

Bibi ametangulia mbele ya haki. Kilimani wengi sasa wana mabomba ndani, na lile la ukutani hutoa maji siku likitaka. Mvua ikinyesha, maji hufuata mtaro wa bomba hilo hadi mlangoni kwa Mama Furaha, nami nimeamini miaka yote kwamba kidole changu kilikosea hatua mbili. Mwezi uliopita nilimwungamia. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya kwao, na hata mchi hakuutua.

“Weye umesoma mpaka umeharibika. Maji ilifika ama haikufika?”

Yalifika. Nimerudi chumbani kwangu Wandegeya, upande mwingine wa jiji, ambako fomu ya kuomba kazi ya kupanga miradi ya maji wilayani ina wiki tatu mezani. Penye swali la uwezo wangu nimeandika “ninaweza,” nikafuta, nikaandika “naamini ninaweza,” nikafuta. Yule mtoto wa miaka minane, mbele ya mtaa mzima uliokasirika, alihitaji muda wa kunyoosha kidole tu.