Kibao cha Daktari Kilichokwenda Kakuma

Nilitumwa Kakuma kwa sababu wagonjwa wa huko hawakuwa na adabu ya vyeo. Ndivyo alivyosema afisa wetu wa Lodwar, tena kwa uchungu wa kweli. Kila aliyevaa koti jeupe walimwita daktari: muuguzi daktari, mkunga daktari, hata dresa anayeosha vidonda. Kwa kuwa mimi ndiye mchora vibao wa idara, niliagizwa kuandika cheo cha kila mtu na kukipigilia mlangoni pake. Nanyi wa nyumbani Kitale mnazijua herufi zangu. Nilifanya kazi siku nne, na kibao cha Daktari nikakitia kivuli cha rangi nyekundu.

Jumatatu alfajiri tuliondoka Lodwar kwa lori la serikali lililobeba unga wa mahindi. Vibao nilivifunga kwa blanketi langu, mimi nikaketi juu ya magunia nikila vumbi. Mara mbili tulikwama kwenye mchanga wa laga, ile mito isiyo na maji, tukachimbua magurudumu kwa mikono. Dereva aliniuliza kama sina kibao kimoja cha kutia chini ya tairi. Nikakaza fundo la blanketi.

Saa tisa alasiri tulifika Kakuma. Katika zahanati niliyotumwa nilikuta watu wawili tu: Sista Rael, mtu wa Kapenguria, na Ekai, dresa mwenye mvi, Mturkana wa hapo hapo.

"Ejok, fundi," Ekai alinisalimu kwa Kiturkana. "Wewe naleta dawa?"

"Nimeleta vibao."

Ekai alimtazama Sista, kisha akaendelea kukunja bendeji.

Sista alinipa chai, akanieleza kwa subira. Yeye alisomea uuguzi na ukunga, kwa hiyo vibao viwili vilikuwa vyake, apende asipende. Ekai hufunga vidonda na mifupa iliyovunjika, tena ndiye mkalimani. Mganga msaidizi, anayepima wagonjwa na kuwaandikia dawa, huja kila Alhamisi. Daktari aliyesoma chuo kikuu, mwenye ruhusa ya kupasua watu, yuko Lodwar.

"Basi kibao chake nikiweke wapi?"

"Rudi nacho."

Lakini amri ni amri. Kulikuwa na chumba kipya kilichopakwa chokaa, kikimsubiri daktari ambaye hajaletwa. Nikakipigilia hapo, nikarudi nyuma hatua kumi kukitazama. Kilipendeza mno.

Jumanne asubuhi nilitoka kuona matunda ya kazi yangu. Akina mama wa Kiturkana wasiojua kusoma walipita mbele ya herufi zangu bila hata kugeuza shingo, wakaenda moja kwa moja kwa Sista na Ekai. Mbele ya chumba kitupu waliketi wasomi: karani wa chifu, askari mmoja, na Mwalimu Otieno akiwa amempakata bintiye wa miaka minne. Mtoto alikuwa amefunikwa leso, akitetemeka kwa homa.

Sista alimwona. "Mwalimu, mlete mtoto."

"Asante, Sista. Tunamngoja daktari."

"Juzi uliniita nani?"

"Juzi hakukuwa na kibao," alisema Mwalimu kwa heshima zote.

Hapo mtoto akapindua macho, mwili ukakakamaa. Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa. Nilichukua nyundo, nikaking'oa kibao, nikausukuma mlango. Ndani mlikuwa na kitanda kisicho na godoro.

"Mwalimu, humu hamna mtu! Ni mimi tu niliyeandika."

Sista alikuwa amekwisha kumchukua mtoto. Ekai alileta maji, wakampangusa mwili mzima, degedege likatulia, naye Sista akamdunga sindano ya malaria.

"Homa isiposhuka kufika adhuhuri," aliniambia, "lori lako litampeleka Lodwar kwa daktari. Kujua kazi yangu inaishia wapi, hiyo nayo ni kazi yangu."

Kabla ya adhuhuri mtoto aliomba uji. Mwalimu alilia waziwazi, nami nikajifanya nasafisha brashi.

Alasiri aliletwa mchungaji aliyevunjwa mkono kwa teke la ngamia. Ekai alikuja akakipima kibao changu kwa shubiri.

"Fundi, hii mbao nguvu sana. Nipe mimi."

Nikampa. Alikipasua katikati, akavizungushia vipande pamba, akaufunga ule mkono: DAK upande huu, TARI upande wa pili.

Jumatano tulirudi, na juu ya magunia matupu nilipata nafasi ya kuwaza. Wale akina mama hutumia jina moja kwa wote, lakini hakuna aliyempelekea Ekai uchungu wa uzazi. Sisi tuliovisoma vyeo vyote ndio tulioketi mbele ya chumba kitupu. Cheo ni kizuri kukijua, ila kwanza umjue aliyepo na anachoweza.

Afisa alinipokea kwa furaha. "Vibao vyote umeviweka?"

"Vyote, bwana."

"Na kile cha Daktari?"

"Kiko kazini, bwana."