Kichwa cha Kambale wa Nzilo

Katika watu wote walioketi ukingoni mwa ziwa la Nzilo mwaka ule, wazee kwa vijana, hakuna aliyenasa kambale mkubwa kuliko wangu. Nasema hivi bila haya. Nina diploma ya serikali, nina pia shahada ya ufundi niliyoisomea kwa taa ya mafuta huko Kasai, nimejenga nyumba Dilala, mtaa wa Kolwezi, kwa jasho langu, bila mjomba wala mbunge. Lakini mtu akiniuliza ni jambo gani nililolifanya vizuri kuliko yote, kabla sijafungua mdomo namwona yule kambale. Anapanda kutoka chini polepole, mweusi ndani ya maji meusi, kama mtu anayeamka bila kufungua macho.

Nzilo ni ziwa lililotengenezwa. Walipoziba mto Lualaba kwa ajili ya umeme wa migodi, maji yalipanda juu ya msitu na miti ikafa imesimama. Nilipokuwa mtoto, ncha zake zilikuwa bado zinatokeza mbali na ukingo. Asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka, ungedhani ni umati uliosimama majini hadi shingoni ukingoja kuitwa. Niliwapungia mkono.

"Usibasalimie sana," baba aliniambia. "Siku moya batakuyibu."

Baba alikuwa karani wa ghala katika karakana ya kampuni ya shaba. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni. Jumapili baada ya misa alivua koti la karani, akawa mvuvi. Alikuwa na kijiko alichokifua mwenyewe kutoka kipande cha waya wa shaba, chembamba kama jani, cha kuwadanganya makobo. Kobo ni samaki mwindaji mwenye mdomo mpana. Hashughuliki na mnyoo aliyelala. Anataka kitu kinachokimbia. Kijiko kilipovutwa majini kiliwaka na kuzimika, kiliwaka na kuzimika, nami nilikitazama mpaka usingizi ukanichukua nikiwa nimekaa. Kwa kambale alitumia utumbo wa kuku au kipande cha sabuni, na nati za karakana zilishusha uzi chini kwenye tope. Kambale haharakishwi. Unamngojea kama unavyongojea mgeni ambaye hakusema siku ya kuja.

Hatukwenda peke yetu. Jirani yetu wa nyumba inayoelekeana na yetu, fundi wa umeme, mtu wa kaskazini ya Katanga, alikuwa akivua na baba tangu kabla sijazaliwa. Kengele ya baiskeli yake mbele ya mlango wetu alfajiri ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba. Njiani walichokozana mpaka majini.

"Weye mutu wa Kasai, leo funga kinywa. Samaki banachoka kusikia habari ya masomo ya mutoto wako."

"Banachoka na kukoroma yako, weye gogo. Unalala, samaki anakula chambo, anakuachia ndoano safi kabisa."

Ukingoni palikuwa na desturi moja, na kila aliyekaa pale aliijua. Mwenye uzi haingii majini. Akiingia, uzi unalegea, na kambale anakimbilia chini ya visiki. Wala mtu wa nyumba yake haingii, kwa sababu ni sawa na kuingia mwenyewe. Anayeingia ni jirani. Anajifunga gunia mkononi, kwani kambale ana mwiba katika kila pezi la ubavu, anamshika nyuma ya kichwa na kumkumbatia mpaka nchi kavu. Kwa kuwa mkono wake ndio ulioshika kichwa, kichwa ni chake. Kinakatwa palepale na kukabidhiwa ndani ya jani. Na kichwa cha kambale si zawadi ya kuchekea. Ni theluthi ya samaki, kina mafuta, na nyama ya mashavu yake, ikilazwa juu ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, inamshinda kuku.

Basi kwetu samaki alifika bila kichwa, na siku jirani alipobahatika yeye, kwetu kilifika kichwa bila samaki. Mwili na kichwa cha kambale mmoja havikuwahi kukutana ndani ya sufuria ya mama. Alizoea hivyo. Alipofungua gunia alijua, bila kuuliza, nani alinasa na nani aliingia majini.

Kisha kampuni ilianza kufa. Haikufa kwa kishindo. Ilikuwa kama mtu mzito anayesinzia: mashine moja ilinyamaza, halafu nyingine, king'ora cha asubuhi kikachelewa, kikachelewa zaidi, siku moja hakikulia, na watu wakaendelea kuamka saa ileile kwa ajili ya ukimya. Mshahara haukuja. Unga wa kampuni haukuja. Jumapili ya ziwa, iliyokuwa starehe, ikawa chakula cha wiki.

Baada ya hapo yakaja maneno. Yalitoka katika mikutano na redioni, yakashuka mpaka sokoni, yakaingia kwenye vinywa vya watoto. Sisi wa asili ya Kasai, hata tuliozaliwa hapo Katanga, tukaambiwa turudi kwetu, mahali ambapo mimi sikuwahi kupaona hata kwenye picha. Tukaitwa bilulu, wadudu. Familia moja ilifukuzwa, kesho yake mbili, wakaenda kulala kituoni chini ya maplastiki, wakingojea treni ambayo hakuna aliyejua itapita lini. Ndugu za mama walikuwa tayari huko. Mimi nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari, wa kwanza darasani, na kiti changu darasani kilikuwa bado hapo, lakini mkurugenzi wa shule hakunitazama tena usoni.

Kengele ya baiskeli nayo ikanyamaza. Jirani alipita mbele ya mlango wetu akitazama usukani wake.

"Iko na batoto," baba alisema. "Muache."

Jumamosi moja jioni mama alikaa mbele ya baba. Hakukaa pembeni yake kama kawaida.

"Tata wa batoto, bantu bote ya njia hii banaisha kuenda. Weye unangojea nini?"

"Mi nilizaliwa hapa."

"Hata bale ya kule kituoni balizaliwa hapa."

Baba alisema: "Acha niende ku mayi kesho. Nitaona namna bantu banaikala pale."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Bengine banasikilizaka redio. Bwana yangu anaenda kuuliza samaki!"

"Samaki hapana. Bantu."

"Na kama banaikala muzuri?"

"Tutabakia."

"Na kama banaikala mubaya?"

"Utayua. Sitakuwa na lazima ya kukuambia."

Tuliondoka giza likiwa bado zito, baiskeli mbili badala ya tatu. Sikumbuki baridi, wala njaa, na lazima vilikuwepo. Nakumbuka njia nyekundu ikipauka polepole, na moshi wa makaa umelala juu ya vichaka, na kwamba kwa muda mrefu hatukusikia sauti nyingine isipokuwa minyororo yetu. Katika kumbukumbu yangu tulikuwa hatukanyagi. Tulichukuliwa tu.

Jirani alikuwa amekwisha fika. Hakuketi juu ya lile jiwe pana walipokaa siku zote yeye na baba. Alikuwa upande wa pili wa gogo lililoanguka, umbali wa kurusha jiwe. Alivaa suruali yake ya kanisani.

"Jambo yenu," alisema, akiyaambia maji.

"Jambo, ndugu," baba alimjibu yeye.

Juu yetu, kwenye tuta la barabara, vijana wa ile mikutano, wanne watano, walikuwa wamekaa na redio, kitambaa cha rangi moja kimefungwa kwenye kila mkono. Hawakutufanya kitu. Walitazama.

Kukapambazuka. Ukungu haukutaka kuondoka. Ulikuja hadi kwenye magoti yetu, ukarudi nyuma, ukaja tena. Miti ya majini ilionekana, ikapotea. Nilishusha uzi wangu wa kambale kutoka ncha ya mwanzi. Baba alirusha kijiko chake cha shaba, kikawaka na kuzimika, akapata kobo mmoja wa kiganja, kisha mwingine. Hakuna aliyesema neno. Siku hizi ninakwenda Nzilo kwa gari langu mwenyewe, na fimbo yenye gurudumu iliyotoka Zambia, na watu husogea kunipa nafasi, lakini sijawahi tena kupata ukimya kama ule. Ulikuwa ukimya wa watu watatu wanaosikilizana wakipumua.

Ndipo uzi wangu ulipoondoka.

Haukutingishika. Uliondoka tu, kama mtu ameuchukua na kwenda nao safari. Nilivuta, na upande wa pili ukavuta. Mwanzi ulipinda mpaka ncha yake ikagusa maji. Wengine wangevuta kwa nguvu na kubaki na kipande cha uzi mkononi. Mimi nilikuwa nimesoma fizikia, na niliisoma vizuri. Niliusimamisha mwanzi, nikauacha upinde ufanye kazi, nikampa samaki alipotaka na kumnyang'anya alipochoka. Sijui ilichukua muda gani. Jua lilitoka tukiwa tumeshikana hivyo. Hatimaye alipanda, nikaona mgongo, nikaona kichwa kipana kama koleo, na ndevu zake zikitambaa juu ya maji. Kama nikisema alikuwa na urefu wa mguu wangu, wapo watakaocheka. Wacheke. Hawakuwepo.

"Baba!" niliita. "Baba, ingia! Uzi utakatika!"

Baba aliweka fimbo yake chini, taratibu. Alikaa juu ya jiwe, mikono juu ya magoti, akamtazama jirani.

"Ngoya," aliniambia.

Uzi ulikuwa unaimba. Samaki alikuwa karibu, akigeuka kuelekea visiki, na baba yangu aliyejua kuogelea alikaa kama mtu aliye kanisani. Hapo nikaelewa kwamba nilichokishika si chakula cha wiki. Nilikuwa nimeshika nyumba yetu, na kitanda changu, na kiti changu cha darasani, vyote mwisho wa uzi mmoja wa nailoni.

Jirani alitazama tuta. Alitazama samaki. Alishika gunia lake, akaliachia. Halafu mwili wake uliinuka, nasema mwili kwa sababu uso ulikuwa bado haujakubali, akajifunga gunia mkononi, akavuka gogo na kuingia majini na suruali yake ya kanisani mpaka kifuani. Alimzunguka kambale kwa upande wa visiki, akamwekea mkono wa gunia nyuma ya kichwa, akamkumbatia, wote wawili wakazama, wakaibuka, na akaja nchi kavu akiyumba kama mlevi aliyebeba mtoto.

"Weye mutoto!" alipiga kelele, maji yakimtoka puani. "Hii ni samaki ao ni shetani? Bantu ya Kasai, hata mamba munaweza kutoa humu!"

"Alikuwa amelala kama weye," baba alisema, "njo maana mutoto alimukamata."

Wakacheka. Walicheka kwa kuegemeana, mmoja mkavu na mmoja anachuruzika, na mimi nikacheka nao. Kwa muda ule mfupi ukungu ulikuwa mweupe na mwaka ule haukuwa umetokea.

"Hé, tata!" sauti ilitoka juu ya tuta. "Unasaidia bilulu?"

Jirani aligeuka. Mkono wake ulikuwa bado juu ya bega la baba. Aliuondoa.

"Nilitereza!" alijibu. "Mayi ilinivuta!"

Vijana walicheka. Mmoja akapandisha redio.

Baba hakuinua macho. Alichukua kisu, akakata kichwa pale kinapokatwa siku zote, akakilaza juu ya jani pana na kumnyooshea jirani kwa mikono miwili.

"Kichwa yako, ndugu."

Jirani alikitazama. "Kaa nayo," alisema chini chini. "Leo kwetu kuko sombe."

"Sombe na kichwa ya kambale binapatana."

"Sombe iko mingi, ndugu."

"Kichwa hii njo yako."

"Nayua."

Mikono ya baba ilibaki imenyooka. Jirani aliinama, akanawa mikono yake ziwani, akainawa tena, akakunja uzi wake na kuondoka kwa kupitia vichakani, asipite chini ya tuta. Alikuwa mwema. Niliwaza hivyo siku ile na nawaza hivyo leo. Aliweza kuingia majini kwa ajili yetu. Kupita mtaani na jani lile mkononi ndiko hakuweza.

Baba alifunga jani juu ya kichwa, akakitia ndani ya gunia pamoja na mwili.

Tulifika nyumbani mchana. Mama alilipokea gunia mlangoni kwa sababu lilikuwa zito, akafurahi kwa uzito wake, akaanza kunisifu kabla hajaona. Alitoa mwili, akaulaza ndani ya beseni. Alipoingiza mkono tena alitoa lile jani, akalifungua. Alivitazama vitu vile viwili kando kwa kando. Baba alikuwa anafungua kamba za viatu.

Mama hakuuliza. Alinawa, akajipangusa kwa kitenge, akavuta kiti mpaka dirishani, akapanda juu yake na kuanza kuyavua mapazia na kuyakunja ndani ya sanduku.

Tulimla samaki yule jioni, kwa bukari, ugali wa kwetu, katika chumba ambacho ghafla kilikuwa na mwanga mwingi. Mama alipika vyote pamoja, katika sufuria moja. Baba alinisukumia kichwa, akasema mshindi ndiye anayeanza. Nilikula mashavu yote mawili. Yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo, na nje ya dirisha lililo wazi nilimwona jirani kwenye kizingiti chake, ameketi, sahani ya sombe juu ya magoti, bila kula.