Girisi Kwenye Kona

Kaka wa mke wangu ndiye aliyenitoa kwenye kazi ya kuchuma majani chai Kibugu akaniingiza kazi ya reli, na hakuniacha nisahau hata siku moja. Alikuwa mkubwa wa kikosi chetu. Kazi yetu ilikuwa kupima treni inaisukuma reli kwa nguvu gani ikipita kwenye kona. Tulibandika vipimo vidogo ubavuni mwa reli, tukavuta nyaya hadi kwenye mashine, na gurudumu likisukuma, kalamu ya mashine inaruka kwenye karatasi. Ikiruka sana, kona hiyo haifai mwendo wa kasi, maana gurudumu linaweza kuiparamia reli na mabehewa yakalala.

Wakubwa walitaka kasi iongezwe kwenye kona moja ya reli ya kwenda pwani. Asubuhi ya kupima nikakuta shemeji amewaamuru vibarua wapake girisi reli zote mbili, mpaka juu. Treni ikapita ikiteleza, kalamu ikatulia kabisa. Nilimchukia papo hapo. Nikachukua tambara na mafuta ya taa, nikaisugua ile girisi mwenyewe mpaka mikono ikawasha, na treni iliyofuata kalamu ikaruka hadi ukingoni mwa karatasi.

"Weka sahihi kwa ile karatasi ya kwanza," akaniambia.

"Siweki."

"Shemeji, hii kazi ni mimi nilikupatia. Sasa unataka kuniharibia jina?"

Sahihi aliiweka yeye. Kasi ikaongezwa, na mimi nikatupwa stoo ya mataruma, vile vyuma vya kulazia reli, kuangalia vikipata kutu.

Krismasi tukakutana kwao Kaaga. Kwa wakwe mtu hajibizani, na shemeji alilijua hilo vizuri. Alisimama kuombea chakula, akamsihi Mungu awarehemu watu wasio na shukrani, na meza nzima ikaitikia amina, mke wangu akiwemo.

Tulipokuwa tunakula akatangaza kwamba mwezi wa kwanza angewapeleka watoto wake pwani wakaone bahari.

"Na vile uko na pasi ya treni ya bure," mama mkwe akasema kwa furaha, "si mtaenda vizuri!"

Shemeji akajikatia nyama nyingine. Hakuniangalia.

"Hapana, Mama," akasema. "Tutapanda basi."