Unga wa Muhogo Kichwani

Hapa Kindu mtoto akifaulu shuleni humwagiwa poda kichwani. Siku ya kutangaza matokeo direkta, mkuu wa shule, husimama uani mbele ya wazazi na kuita majina kuanzia wa kwanza. Asiyeitwa anajua kwamba ameanguka. Miaka ya vita nilifundisha darasa la tano, na majina ya darasa hilo niliyapanga mimi.

Mwaka mmoja treni ilikuwa haifiki tena, madawati askari walikuwa wameyachoma kuni, na ubaoni niliandika kwa kipande cha muhogo mkavu. Watoto walikuja siku njia ilipokuwa salama. Mitihani mingine niliitoa nusu, mingine sikuitoa kabisa. Lakini buletini, karatasi za matokeo, zilidai pointi katika kila somo, nami nikazijaza. Nilijiambia kwamba hawa wameteswa vya kutosha, nisiwaongezee. Wote wakapanda darasa.

Kati yao alikuwamo mvulana mmoja, amefiwa na baba, mpole, asiyejua kusoma. Nilijua. Akishika kitabu alitoa kichwani maneno ya jana, na ukurasa uliokuwa mbele yake ulikuwa mwingine. Nilimpa pointi nzuri, akawa wa pili. Alipoitwa, mama yake alipiga vigelegele, akafungua fundo la kitenge chake. Poda haikuwapo mjini kote. Alichomwaga kichwani mwa mwanawe kilikuwa unga wa muhogo, chakula chao cha jioni. Watoto wakacheka. Mimi nilitazama unga ukimwagika mchangani.

Mwaka huu shule zilipofungwa, mvulana yule alikuja kwangu na pikipiki. Sasa ni mtu mzima. Alichimba madini huko Punia, akarudi kubeba abiria. Nyuma yake alikaa binti yake wa darasa la tatu. Kopo la poda lilitokeza kwenye mfuko wa koti la baba.

"Jambo, mwalimu. Unisomee buletini ya mutoto. Mvua imeharibu sherehe, hawakuita majina, wamegawa tu makaratasi."

Niliisogeza karatasi karibu na macho. Hesabu, wastani. Kusoma, chini kabisa. Mwishoni: anarudia darasa. Neno "amefaulu" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, kwa mazoea.

"Ameanguka," nikasema. "Kusoma njo kumemwangusha."

"Ameanguka? Mutoto wa mutu mwenye alikuwa wa pili?" Akacheka. "Basi panda pikipiki twende kwa mwalimu wake. Wewe njo fundi wa kupandisha watu."

"Mwanangu, pointi zako nilizitunga mwenyewe."

"Najua, mwalimu. Mama njo hakujua. Mpaka anakufa alikuwa anasimulia majirani." Alifuta kiti cha pikipiki kwa kiganja, ingawa kilikuwa kikavu. "Mwaka wa sita waliniita ubaoni nisome. Nilitoka kama naenda chooni, sikurudi. Twende basi."

"Siendi. Akipanda hivi atakuwa kama wewe."

Maneno yalitoka makali kuliko nilivyotaka. Nikaharakisha kumwambia amlete jioni, nitamfundisha, ingawa herufi ndogo za vitabu zimenishinda siku nyingi. Binti ndiye aliyesema.

"Baba, na poda?"

Baba alimtazama, akafungua kopo, akammwagia kidogo kwenye nywele. Mtoto akacheka, akajifuta pua. Wakaondoka, na buletini ikabaki mkononi mwangu mpaka nilipoita na yule baba akageuka kuichukua.

Jioni nilitoa kiti cha pili barazani. Nilikitoa na kesho yake, na siku nyingi baadaye. Shule zilipofunguliwa, watoto wa mtaa walipita mbele yangu na sare zao, nikawakagua mmoja mmoja. Binti yule hakuwamo.

Jana, saa za shule, nilimkuta katika soko la Mikelenge akipanga mafungu ya ndizi.

"Jambo, mwalimu wa baba," akanisalimu, kwa heshima zote.

Nikanunua ndizi.