Upande Uliorudi Kuwa Msichana

Mjukuu wangu aliniletea kikopo cha mafuta kutoka Migori mjini. Akaniambia, Dani, yaani nyanya, haya unapaka pembeni mwa macho, makunyanzi yote yanaisha. Nilikirudisha kile kikopo mkononi mwake upesi, kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Alidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilishtuka tu, kwa sababu mimi nimewahi kuuona uso usio na makunyanzi, na uso huo ulikuwa wangu, nusu yake, wakati tayari nilikuwa nyanya wa watu.

Wakati huo niliishi Muhuru Bay, ufuoni, miaka ya tisini, magugu yale ya maua ya zambarau yalipoanza kuingia ziwani. Nasimulia bila majina. Majina yote ninayo, ya waliokula kwangu, ya waliokataa, mpaka ya mashua zao, lakini wengine bado wako hai na wana wajukuu. Mimi mwenyewe pale sikuitwa jina langu. Nilizaliwa Ntimaru, kwa Wakuria, nikaolewa ziwani kwa Wajaluo, na tangu siku ile nikawa Nyar Kuria, binti wa Kuria. Mume wetu alikuwa ameshafariki. Tulibaki wajane wawili katika boma moja, mimi na mikayi, ndiye mke wa kwanza. Yeye alikausha omena, dagaa wa ziwani. Mimi nilipika chai na nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka pamoja, na wanaume wakitoka majini asubuhi walikaa kwenye benchi yangu wakala.

Siku moja nyuma ya sikio la kulia kuliniuma, nikasema ni upepo. Kesho yake, nikisukutua, maji yakanichuruzika mdomoni kama mtoto anayeota meno. Nikasema ni jino. Nikawasha moto, nikawamiminia watu chai.

Mvuvi mmoja kijana, niliyemlisha tangu alipoanza kuvuta nyavu, akanitazama. Akaweka kikombe chini.

“Mathe,” akasema, “unanikonyeza?”

Benchi nzima ikacheka. Nikamwambia nina wajukuu wanaomzidi kimo, nikimtaka mwanamume nitatafuta mwenye ndevu. Akawaambia wenzake, oneni, ameniongezea konyezo jingine. Wakazidi kucheka. Mimi nami nikacheka.

Nilipocheka ndipo waliponyamaza, wote mara moja. Nikabaki nacheka peke yangu, sijui kwa nini.

Mikayi alikuwa anapita na karai lake la omena. Akalitua chini, akanishika kidevu, akanipeleka nyuma ya jiko, akatoa kile kioo kidogo alichokifunga kwenye pembe ya leso. Akaninyooshea.

Sasa hapo nitasema nilichokiona, na mnisamehe kama bado kinanitisha. Upande wa kushoto alikuwepo mwanamke ninayemjua. Paji lina mistari, pembeni mwa jicho kuna makunyanzi niliyoyapata kwa moshi na kwa kukazia macho mng’ao wa ziwa, miaka na miaka. Ila mdomo ulikuwa umevutwa kuelekea sikio. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Paji laini kama yai. Mistari yote ya jicho imekwenda, yote. Ngozi ilikuwa ile niliyotoka nayo Ntimaru siku ya kuolewa, na katikati yake jicho kubwa, limekodoa, halipepesi. Niliigusa ile ngozi kwa kidole. Ilikuwa yangu. Nikaigusa tena.

“Upande huu umerudi kuwa msichana,” mikayi akasema, polepole.

Kisha akaugusa ule wa kushoto, wa mistari na mdomo uliopinda. Akasema huo ndio mgonjwa, umekunjamana, kuna kitu kinauvuta. Nami nikakubali. Wewe ungesemaje? Ukionyeshwa uso, nusu imezeeka na kupinda, nusu ni laini na jicho lake liko wazi, utasema ipi ndiyo nzima? Hakuna mtu ufuoni aliyesema tofauti. Basi mikayi akachemsha maji ya chumvi, akanikanda upande wa kushoto kwa kitambaa cha moto, akausukuma mdomo urudi kwake, akanifunga leso kwa nguvu kuanzia kidevuni mpaka utosini. Alinikanda kila siku kwa mapenzi yote. Upande wa kushoto ukavimba na kuwasha. Ule wa kulia tuliuacha kwa sababu hauna shida.

Lakini jicho la kulia halikufunga. Hilo ndilo lililoniingiza hofu. Nililiamuru, likakataa. Nililala likiwa wazi. Asubuhi moja mikayi aliingia kuomba kijinga cha moto akanikuta namtazama. Akanisalimu. Akanisalimu tena. Baadaye aliniambia alikuwa anaenda zake akijua nimemnunia, ndipo aliposikia nakoroma.

Machozi yalimwagika kwenye jicho hilo mchana kutwa, likawa jekundu, likachoma kama limetiwa mchanga. Halafu kukaja ukungu. Mashua nikawa naziona kama moshi juu ya maji. Tangu siku hiyo sikuomba uzuri wala uzee, niliomba jicho lifunge kabla halijazimika.

Na kabla halijazimika, watu wakaanza kulikimbia. Kule kwetu kuna kitu kinaitwa sihoho, jicho baya. Mwenye nalo akikutazama unakula, chakula kinageuka mawe tumboni. Mtu wa hivyo, wanasema, hukodoa macho kwenye sahani ya mwenzake bila kupepesa. Na mimi ni mpishi. Kazi yangu ni kusimama mbele ya watu wanaokula.

Hakuna aliyelitamka. Mwanamume mmoja tumbo lilimsumbua baada ya kula kwangu, kesho yake hakuja. Waliokuja wakaanza kula wakinipa mgongo. Mzee mmoja alivua kofia akaifunika sahani, akawa anachota chini ya kofia kama mwizi wa chakula chake mwenyewe. Yule kijana wa kukonyezwa akaacha kabisa, akawa anapita mbali, kando ya maji. Nikasema nitafanya kama mpishi anavyotakiwa, nitaonja mbele yao. Nikachota nyoyo, nikatia mdomoni. Ikakwama kwenye shavu la kulia, halina nguvu ya kuirudisha, na supu ikanitiririka mpaka kwenye nguo, huku jicho linawatazama. Waliinuka mmoja mmoja. Mimi nikaumwagia moto maji.

Binti yangu aliyeolewa Homa Bay alisikia, akaja kunichukua. Rodi Kopany tulishuka kubadilisha gari. Nilisimama karibu na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alinitazama tu, hakulia. Ni mama yake aliyegeuka, akaniona, akamfunika mtoto uso wote kwa leso. Binti yangu akaivuta leso yangu, ikanifunika na mimi.

Hospitalini Homa Bay aliyetazama macho alikuwa mwanamke, rika la binti yangu. Aliniuliza upande gani unaumwa. Nikamwonyesha kushoto. Akaniambia niinue nyusi, nikainua. Niyafunge macho kwa nguvu, nikafunga kadiri nilivyoweza. Nikasikia binti yangu anakishika kiti. Kumbe nikifunga, mboni ya kulia ilikuwa inapanda juu na kupotea, inabaki nyeupe tupu, kope ziko wazi.

“Mama,” yule daktari akasema, “upande mgonjwa ni huu mzuri.”

Nilihisi kama nimeambiwa yule tuliyemlilia matangani siye aliyekufa. Nikamuuliza arudie. Akarudia. Nikamwambia haiwezekani, huu ndio umepona mpaka uzee.

Hakunicheka. Binti yangu alikuwa amevaa sketi ya lastiki. Daktari akamwomba ruhusa, akashika kiuno cha ile sketi akanionyesha jinsi kitambaa kilivyojikunja kunja. Akasema kuzunguka jicho kuna msuli wa duara, kama lastiki hii. Sehemu ya ndani iko kwenye kope zenyewe, ni nyembamba, ndiyo ya kupepesa. Ya nje ni pana, ndiyo inayofinya ukipigwa na jua, au moshi, au ukicheka kicheko cha kweli. Kila ukivuta, ngozi inajikunja. Ukivuta maisha yako yote, mkunjo unabaki. Msuli huo unapewa nguvu na mshipa wa fahamu unaotokea chini ya sikio, na wangu ulikuwa umevimba, msuli ukalala.

“Lastiki ikikatika kitambaa kinalala,” akasema. “Si ujana huo, Mama. Ni kwamba hakuna anayekunja.”

Nikamuuliza basi, kama umelala, mbona jicho liko wazi? Kilicholala si hujifunga? Akasema wa kufungua ni msuli mwingine kabisa, na mshipa wake ni mwingine. Huyo yuko kazini. Wa kufunga ndiye hayupo. Na ule mdomo uliokwenda kushoto haukuvutwa na ugonjwa. Ni kama kuvutana kamba na mwenzako akaachilia. Wewe uliyebaki unaenda na kamba, watu wanadhani una nguvu za ajabu.

Nikakumbuka mikayi na maji yake ya chumvi. Tulikuwa tumemfunga kamba yule aliyebaki kazini peke yake.

Lililonishtua zaidi lilikuwa la machozi. Alisema kupepesa ndiko kunakofagia machozi juu ya jicho na kuyaingiza kwenye kitundu kilicho pembeni, karibu na pua. Bila mfagiaji yanamwagika shavuni na jicho lenyewe linakauka. Jicho langu lilikuwa linakufa kwa ukavu huku linalia.

Nikamuuliza kitu kimoja tu, litafunga?

“Kwa wengi hurudi,” akasema. “Si kwa wote. Likitaka kurudi, utayaona makunyanzi kwanza.”

Akanipa dawa ya kupaka ndani ya jicho, na plasta ya kulifungia nikilala. Akaniambia nijikande taratibu upande wa kulia na kila siku nijaribu kufunga mbele ya kioo.

Nilirudi Muhuru nikamweleza mikayi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amekosea, wala mimi sikumtaka aseme. Aliinuka, akaichukua ile leso ya kunifungia, akaifunga kiunoni mwake, na kesho yake asubuhi akaja kukaa mbele yangu na ungo wake wa omena. Akasema kioo ni kidogo, yeye atakuwa kioo.

“Kunja,” anasema. Nakunja. Anatazama, anatikisa kichwa, anaendelea kuokota changarawe kwenye omena. “Kunja, Nyar Kuria.” Nakunja. Hakuna. Magugu yakaja na upepo yakafunga ufuo, mashua zikakwama, wanaume wakashinda wamekaa mchangani bila kazi, na bado hakuna aliyekuja kwenye benchi yangu. Mvua zikaja, zikaenda. Niliwahi kumwambia mikayi labda mimi ni wa wale wachache. Akaniambia nifunge mdomo nikunje jicho.

Halafu asubuhi moja mkono wake ukasimama juu ya ungo.

“Ngoja. Rudia.”

Nikarudia. Akasogea mpaka nikasikia harufu ya samaki mikononi mwake, akaweka kidole pembeni mwa jicho langu la kulia.

“Kuna mkunjo,” akasema. “Mmoja. Mzee amerudi.”

Nilikimbilia kioo. Ulikuwa mwembamba kama unywele, unatokea nikikaza na kupotea nikiachia. Sijawahi kufurahia kitu usoni mwangu hivyo, hata siku ya arusi. Nililia, na mikayi akaniambia, tazama, leo unalia kama watu.

Ikaja mistari mingine. Kope zikakutana, kwanza kidogo, kisha kabisa. Ukungu ukapungua. Siku nilipoweza kulala bila plasta niliwasha moto, nikapika nyoyo sufuria nzima. Wanaume waliona moshi wakaja, lakini walisimama. Yule kijana alikuwa nyuma yao. Nikajua wanangoja nini. Nikachota, nikatia mdomoni, nikatafuna mbele yao.

Na jicho la kulia likafunga. Sikuliambia. Nilitafuna tena, likafunga tena. Nikaacha kutafuna, likafunguka. Nilikuwa nimeomba lifunge miezi yote ile, sasa linafunga lenyewe kila tonge. Baadaye yule daktari wa Homa Bay aliniambia mshipa ukiota upya nyuzi zake huweza kupotea njia, ule wa mdomo ukaenda kwenye jicho, na kwamba litakaa hivyo. Lakini siku ile sikujua. Nilisimama na mwiko mkononi, tonge shavuni, nikiwaza nimebadilishiwa laana moja kwa nyingine.

Yule kijana akawapita wenzake. Akanitazama sana.

“Tafuna tena, mathe.”

Nikatafuna. Jicho likafunga, likafunguka.

“Sasa hapo,” akasema, “umenikonyeza kweli.” Akakaa kwenye benchi, akaninyooshea sahani. Nikampakulia. Alikula akinielekea uso kwa uso, sahani iko wazi, na yule mzee naye akakaa kando yake, kofia yake kichwani.